Vikombe vitatu Kilimani: siku yangu moja kazini

Saa kumi na mbili asubuhi

Nafika kazini nakuta Mama keshawasha jiko. Mkahawa huu wa Kihabeshi hapa Kilimani, Nairobi, ni wake, na sote tunamwita Mama, hata wateja waliomzidi mvi. Ni mzaliwa wa Jimma, Ethiopia, aliingia Kenya kwa njia ya Moyale baada ya serikali ya Mengistu kuanguka Mei 1991. Kwa saa hatugombani kamwe: Wahabeshi huzihesabu tangu kunapopambazuka, kama sisi Waswahili, kwa hiyo akisema saa mbili ni saa mbili. Mwaka ndio mtihani. Kalenda yao ina miezi 13 na iko nyuma ya hii yetu kwa miaka saba au minane, basi akianza hadithi ya zamani mimi huuliza kwanza: mwaka wa kwenu au wa kwetu?

Jikoni dada anapika injera, mkate wao mpana mwembamba: anamimina uji wa tefu, nafaka yao ndogo, juu ya bamba la moto, anazungusha kutoka ukingoni hadi katikati, anafunika. Unga huo ulikorogwa mapema wiki hii ukaachwa uchachuke. Leo Jumatano, siku ya mfungo kwa Waorthodoksi, kwa hiyo chakula ni shiro, yaani rojo la unga wa njegere, dengu na mboga za majani. Nyama hadi kesho.

Saa mbili

Watu wa ofisi. Hawa wanataka makiato, kahawa nzito ya mashine yenye maziwa kidogo, haraka haraka waondoke, na tunawapa, tena kwenye vikombe vya karatasi. Wakenya wasioachana na chai huwa nawauzia spris, chai na kahawa ndani ya glasi moja. Wengi hucheka, kisha wanarudi.

Saa nne

Sasa kazi yenyewe. Nimetandaza nyasi mbichi sakafuni, vikombe vimepangwa kwenye meza yake fupi, ubani umo chetezoni. Mama anakaa kwenye kigoda na shuka lake jeupe. Anaosha buni mbichi kwa kuzisugua viganjani, anazimwaga kwenye kikaango juu ya makaa. Hasemi na mtu. Mkono unazungusha bila kukoma. Buni zinatoka kijani zikawa manjano, kisha hudhurungi, maganda membamba yanapeperuka, zinaanza kupasuka moja moja. Zikianza kung'aa mafuta anazitoa. Mimi ndiye ninayezungusha kikaango kwa wageni, na kila mmoja anauvuta moshi kwa kiganja hadi puani. Mgeni asiyejua huonyeshwa na jirani yake, sihitaji kumfundisha.

Kutwanga kwa kinu na mchi tumekuacha kwa Jumapili. Siku za kazi tunasaga kwa mashine. Wapo wazee wanaonung'unika, na wana haki yao, ila wao hawajawahi kutwanga kahawa ya meza sita huku simu inalia.

Kahawa inaingia kwenye jebena, kile chungu cheusi chenye shingo ndefu, inachemka hadi inapanda shingoni. Mama anaitua kwenye kata ya nyasi, anaiinamisha kidogo, anaiacha machicha yatulie. Halafu anamimina kutoka juu, mkondo mwembamba kama uzi, kikombe hadi kikombe bila kuinua. Ukisita katikati, jebena inatikisika na machicha yanapanda. Mimi nimekulia Kibokoni, Mombasa, kwenye kahawa tungu ya barazani, na nilikuwa nikijisifu kwa kushika dele, birika letu la kahawa. Mama bado ananiachia jebena ya mzunguko wa pili tu.

Maana mizunguko ni mitatu: abol, tona, baraka. Machicha ni yaleyale, anaongeza maji na kuchemsha tena, hivyo cha tatu ni chepesi kabisa. Katikati tunapitisha bisi na kolo, shayiri ya kukaanga. Kuondoka kabla ya cha tatu si adabu, na hapo ndipo hesabu zetu zinapovurugika. Mama hauzi kwa kikombe, anauza jebena nzima, na meza inakaliwa saa nzima au zaidi kwa bei isiyofika sahani moja ya chakula. Anayetutunzia vitabu analalamika kila mwezi. Mama humtengea kikombe.

Mimi niko upande wa Mama. Makiato ya saa mbili hulipa kodi. Hii ya saa nne ndiyo inayofanya mtu avuke mji kutoka Eastleigh aje kunywa hapa.

Saa saba

Chakula cha mchana. Sinia moja, watu wanne, mikono. Naokota maagizo na kupangusa meza, basi.

Saa tisa

Mzigo wa Moyale umeingia: gunia la buni za Yirgacheffe, nusu gunia la buni za Harar, na jebena mbili zilizoviringishwa kwenye blanketi. Dereva ni Mborana wa Marsabit. Anasema bibi yake hakuwa akisaga kahawa kamwe. Alikaanga buni nzima na maganda yake kwenye samli, zikipasuka watu wanaitikia dua, kisha zinatafunwa. Mama anaijua, huko Oromia nako wanaipika. Wakaanza Kioromo na mimi nikarudi kuhesabu magunia.

Saa kumi na moja jioni

Jebena ya pili. Kijana mmoja kaingia na kompyuta begani, anataka kahawa ya jebena ya kubeba. Nikamwambia ya kubeba ni makiato. Akasema atalipa zaidi. Mama kamtazama, kasogeza kigoda: "Kaa, mwanangu." Alikaa abol na tona, akatoroka kabla ya baraka. Afadhali hivyo. Mlinzi naye akaja kutuambia ghorofa ya juu wanalalamikia moshi wa ubani, akaondoka na bisi mkononi.

Pembeni wazee wawili walianza siasa za Addis Ababa, sauti zikapanda. Mama akaweka mpira kwenye televisheni.

Saa tatu usiku

Jebena haioshwi kwa sabuni, ni maji ya moto tu, kisha inaning'inizwa kichwa chini. Nimefagia nyasi, nimefunga hesabu. Kesho kuna doro wat, mchuzi wao wa kuku, na vitunguu vyake hupikwa polepole muda mrefu kabla ya kuku kuingia, kwa hiyo dada wa jikoni ananitaka saa kumi na moja alfajiri, si kumi na mbili, nije na kisu changu mwenyewe.