Tunavyorekodi mazungumzo safi Dodoma msimu wa upepo

Kampuni yetu ya tamthilia na filamu fupi haina studio. Tunapigia picha kwenye nyumba za watu, mashambani na barabarani. Kwa picha Dodoma haina shida: mwanga upo, majabali yapo, mizabibu ipo Hombolo na Makutupora. Kinachoua kazi ni sauti. Mtazamaji huvumilia picha yenye chenga kidogo, lakini mazungumzo yakimezwa na upepo anabadili chaneli, na kurekodi maneno upya maana yake ni kuwaita na kuwalipa waigizaji mara ya pili.

Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Alfajiri hutulia, kisha hukaza kadiri ardhi inavyopata joto. Kwa hiyo mazungumzo ya nje tunayaweka kati ya saa 1 na saa 3 na nusu asubuhi. Saa zinazofuata ni za picha zisizo na maneno: watu wakitembea, gari likipita, mandhari. Waigizaji tunawasimamisha upande wa magharibi wa nyumba, kwa sababu asubuhi ukuta huo unakinga upepo na papo hapo unatoa kivuli, basi fundi sauti na mpiga picha wote wanaridhika. Porini tunautafuta mbuyu. Shina lake pana ni kinga nzuri, na kiangazi hauna majani ya kupiga kelele. Mwarobaini una kivuli kizuri, lakini majani yake hayanyamazi.

Maiki ya bumu, yaani ya kwenye fimbo ndefu, inakaa juu ya kichwa cha mwigizaji, sentimita 40 hadi 60 kutoka mdomoni, nje kidogo ya fremu. Ukiongeza umbali huo mara mbili, sauti inapungua kwa takriban desibeli 6, na ukiipandisha baadaye unapandisha na upepo. Sponji inayokuja na maiki inatosha ndani ya nyumba tu. Nje vaa koti la manyoya marefu, na washa kichujio cha kukata sauti nzito chini ya hezi 80 au 100. Wengi huamini kinasa sauti cha biti 32 kitawaokoa. Kinazuia sauti isipasuke ndani ya kinasa, lakini upepo ukishatikisa kiwambo cha maiki yenyewe, maneno yaliyofunikwa hayarudi.

Maiki ya kubana kwenye nguo tunaiweka katikati ya kifua, chini ya kidevu kwa upana wa kiganja na vidole viwili. Adui hapa ni mavazi. Kitenge kipya kina ukakasi na kinakwaruza kila mwigizaji anapogeuka. Kifueni kabla ya siku ya kazi. Khanga iliyozoea kuvaliwa haina tatizo. Shanga za shingoni zishonewe kwenye nguo kwa uzi, zisiigonge maiki.

Ndani ya nyumba tatizo ni bati. Jua likipanda linatanuka na kutoa milio, jua likizama linasinyaa na kulia tena, na katikati ya mchana upepo unatikisa ncha zilizolegea. Siku moja kabla ya kupiga picha, fundi apande agongelee misumari yote, na kama unaweza kuchagua, chukua nyumba yenye dari. Kwa hadithi za kijijini, hakuna chumba kinachozidi tembe la Wagogo: kuta nene, paa la udongo, ukimya mtupu. Shida yake ni giza, kwa hiyo beba taa za betri. Chumba cha tofali na vigae kinavuma kwa mwangwi. Tandika mikeka sakafuni na uning'inize mablanketi mazito kwenye kuta mbili zilizo nje ya fremu. Friji izimwe, na funguo za gari ziwekwe ndani yake ili asiyeiwasha tena asiondoke.

Kibali cha Bodi ya Filamu ni lazima, lakini cha kuokoa sauti ni mwenyekiti wa mtaa. Muulize mashine ya kusaga inawaka saa ngapi, na baa ya jirani inafungulia muziki lini. Mwenye mashine akielezwa mapema hukubali kusimama kwa muda. Uwanja wa ndege uko mjini, basi ndege ikisikika subirini ipite yote. Sauti yake ikikatwa katikati ya sentensi, mhariri hawezi kuunganisha teki mbili, yaani rekodi mbili za tukio lilelile.

Tunarekodi kwa hezi 48,000, yaani kinasa kinapima sauti mara 48,000 kwa sekunde, na sauti ya kawaida ikicheza kati ya desibeli -18 na -12 kwenye mita ya kinasa. Kabla ya kuondoka kila mahali, wote wanasimama kimya tunarekodi sekunde 60 za sauti ya mahali penyewe, maiki ikiwa palepale. Hiyo ndiyo inayoziba mapengo baina ya maneno. Watu wachovu hupenda kuiruka, msiwaruhusu.

Kituo cha televisheni kisipotoa kipimo chake cha ukubwa wa sauti, tunamalizia kwenye -23 LUFS (LUFS ni kizio cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), kiwango cha EBU R128 cha watangazaji wa Ulaya, kisha tunasikiliza kipindi kizima kwenye spika ndogo ya televisheni ya kawaida, feni ikiwa imewashwa.