Kifurushi cha Mzee wa Geita

Mwaka 1958 nilikuwa mtoto wa miaka minane. Tulikaa Igogo, mjini Mwanza, karibu na ziwa kiasi kwamba usiku ungesikia mitumbwi ikigongana. Bibi aliuza furu wa kubanika. Sangara wakati huo hatukumjua.

Kiangazi hicho watu wa Geita walianza kuingia mjini. Kwanza wachache, halafu mamia. Walikuja kwa miguu, wakavuka ghuba, wamwone PC, yule Mzungu mkubwa wa Jimbo la Ziwa, wamwambie usoni kwamba baraza jipya la wilaya hawalitaki, lile lililochanganya Waafrika, Wahindi na Wazungu. Waingereza waliliona ni maendeleo. Wasukuma wakauliza, Geita ina Wazungu wangapi hata wapewe viti? Na hasira zilikuwa za siku nyingi: amri ya kulima matuta, amri ya kupunguza ng'ombe, amri ya kung'oa mashina ya pamba baada ya mavuno na kuyachoma, na ukikaidi ni faini au kifungo. Matawi ya TANU, chama kilichodai uhuru, yalikuwa Usukumani yamefungwa tangu 1954, hivyo hata mahali pa kulalamikia hapakuwepo.

Haya yote niliyaelewa ukubwani. Wakati ule nilijua tu kwamba mji una wageni, na kwamba bibi ananituma niwapelekee maji.

Mzee mmoja alikuwa amekaa chini ya mwembe, katambuga, zile ndala za matairi, amezivua, nyayo zimepasuka kama udongo wa mbugani. Nikamwamkia, "Mwadila, guku." Akaitikia, akanywa kata nzima bila kupumzika, akaomba ya pili. Pembeni yake alikuwa na kifurushi cha amerikani kilichofungwa fundo moja kubwa. Akachomoa kipande cha mchembe, kiazi kitamu kilichokaushwa, akanipa. Kilikuwa kigumu kama gome. Nikakimung'unya huku namsikiliza akibishana na wenzake kama PC atatoka leo au atawalaza tena nje.

"Mjukuu wangu," akaniambia baadaye, "nishikie mzigo huu. Naenda mbele nikasikie wanasema nini."

Nikaushika. Sikuona nani alianza nini, na siku hizi kila ninayemuuliza ana hadithi yake. Nilisikia mlio kama wa kopo linalopasuka, mara moshi mweupe ukatambaa chini, ukapanda, na watu wazima wakaanza kukimbia huku wanalia machozi. Nilidhani mtu kachoma pilipili. Kisha ukanifikia na mimi. Nilikimbia nimefumba macho, kifurushi nimekikumbatia, nikaanguka mara mbili kabla bibi hajanidaka na kunipangusa uso kwa ncha ya kanga iliyoloweshwa ziwani.

Jioni tulirudi pale kwenye mwembe. Tulikuta katambuga moja.

Bibi alikitundika kifurushi darini, juu ya jiko, moshi ukifukuze wadudu. Mimi na dada yangu tulikikodolea macho siku za njaa. "Mali ya mtu haifunguliwi," alisema. "Atakuja." Serikali ikaliacha baraza lile la Geita, TANU ikaruhusiwa tena, na mzee hakuja. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Desemba 1961 bendera mpya ikapanda, tukapiga vigelegele hadi sauti zikakauka. Asubuhi bibi alipika chakula cha ziada, kana kwamba wote waliowahi kupita Igogo wangerudi siku hiyo.

Mvua za mwaka ule wanaozikumbuka wamebaki wachache. Hazikukoma. Ziwa likapanda, likameza migomba ya jirani, mwaka 1962 likafika mlangoni kwetu. Tukahama kwenda mlimani kwenye mawe. Siku ya kuhama bibi akashusha kifurushi. Kilikuwa chepesi ajabu. Fukusi walikuwa wamemaliza kila kitu, fundo lilipofunguliwa ukamwagika unga wa kahawia, na katikati yake senti kumi yenye tundu na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Nilikuwa nimeshafika darasa la nne. Nikaikunjua. Ilikuwa risiti ya kodi. Zama zile mwanamume bila risiti hakukatiza mji. Askari akikusimamisha huna, unalala ndani. Jina lake lilikuwepo, limeandikwa kwa wino, na la kijiji chake pia. Miaka minne vilikaa juu ya vichwa vyetu.

"Soma," bibi akasema.

Nikasoma.

"Rudia."

Nikarudia. Maji yalikuwa yameshaingia jikoni, baba anatuita tubebe vyungu. Bibi akakung'uta ule unga ziwani, akaikunja risiti mara nne kama ilivyokuwa, akaifunga kwenye pindo la kanga, pale anapoweka hela zake, akaniuliza mtumbwi wa kwenda ng'ambo ya Geita unaondoka saa ngapi.