Zohali Utosini

Dar es Salaam, Septemba 2025

Tarehe 21 mwezi huu Dunia inapita katikati ya Jua na Zohali. Jua likizama nyuma ya Kimara, sayari hiyo inachomoza baharini karibu saa ileile, saa kumi na mbili na robo jioni, na haiondoki angani mpaka alfajiri. Saa sita na robo usiku inakuwa karibu kabisa na utosi. Mtazamaji wa London anaiona ikiwa nyuzi 36 hivi juu ya upeo, kupitia hewa nene. Hapa kwetu inapita juu ya kichwa, penye hewa nyembamba kuliko pote. Tusiichukulie kama jambo la kawaida.

Taa za jiji si kikwazo. Zinameza kilimia na nyota hafifu, lakini Zohali inang'aa vya kutosha kuonekana hata ukiwa Kariakoo. Kinachoharibu picha ni joto. Mabati na zege hunywa jua mchana kutwa, kisha usiku hulitoa taratibu, na hewa inayopanda juu yake huitikisa picha kama sarafu iliyo chini ya maji. Kwa hiyo usiweke darubini juu ya paa la zege, wala usiilenge juu ya bati la jirani. Uwanja wa nyasi au mchanga ni bora zaidi. Saa nne hadi saa tano usiku ndio wakati mzuri: sayari imepanda vya kutosha, lakini bado haijafika utosini, ambako darubini nyingi za miguu mitatu hugonga miguu yake zenyewe.

Halafu unyevu. Darubini iliyotolewa kwenye chumba chenye kiyoyozi hushika ukungu papo hapo ikikutana na hewa ya pwani, kama chupa ya maji baridi. Usifute kwa kanga wala kwa shati. Chumvi na vumbi vitachora mikwaruzo ambayo haitoki tena. Iache nje nusu saa, mdomo umefunikwa, ipate joto. Ukimaliza, usiifungie ikiwa na unyevu. Iache ikauke, kisha uiweke kwenye boksi lenye pakiti za silika, zile za kunyonya unyevu. Kuvu kwenye lenzi huanza kama utando mdogo wa buibui, na ikishakula tabaka la juu la kioo hakuna dawa.

Kuhusu ukuzaji, usiamini boksi lililoandikwa mara 525. Kanuni ya kutegemea ni mara mbili kwa kila milimita ya upana wa lenzi kubwa: darubini ya milimita 70 mwisho wake ni mara 140, na mara nyingi 70 inapendeza kuliko 140. Kujua unakuza mara ngapi, gawa urefu wa fokasi wa darubini (umbali ambao lenzi hukusanya mwanga) kwa ule wa lenzi ya jicho: milimita 700 kwa 10 ni mara 70. Anza na lenzi ya jicho ya milimita 25 ili uipate sayari, ndipo uweke ya 10.

Sasa lile linalowavunja watu moyo mwaka huu: pete za Zohali ziko wapi? Zipo, ila tunaziona kwa ubavu. Tarehe 23 Machi Dunia ilipita kwenye usawa wa pete hizo, na mwezi huu bado zimeinama kwetu chini ya nyuzi 2, kwa hiyo zinaonekana kama sindano iliyopenya mpira. Mwanaastronomia Galileo alikutana na jambo hilohilo mwaka 1612, akashangaa vile "viandamani" alivyoviona pembeni mwa sayari miaka miwili kabla vimekwenda wapi. Pete zina upana wa kilomita 270,000 hivi kutoka ncha hadi ncha, lakini sehemu kubwa unene wake ni kama mita 10 tu. Karatasi ya daftari ya milimita 0.1 ingebidi iwe na upana wa kilomita 2.7 ndipo ilingane nazo kwa uwiano. Ni barafu ya maji, vipande vya ukubwa wa punje hadi nyumba. Zitazidi kufumba hadi Novemba, kisha zitafunguka mpaka 2032.

Binafsi naona huu ndio mwaka wa kutazama miezi inayoizunguka Zohali. Mng'aro wa pete umepungua, na nukta zilizo jirani zinajitokeza. Titan ni rahisi kuliko yote. Ina kipenyo cha kilomita 5,150, inaizidi sayari ya Utaridi, na huizunguka Zohali kwa karibu siku 16. Ikiwa mbali zaidi inasimama umbali wa mara nne na nusu hivi ya upana wa pete. Chora ulichokiona kila baada ya siku mbili na utauona mzunguko wenyewe. Mwaka huu kivuli chake kimekuwa kikipita usoni mwa sayari, lakini kwa kuwa mzunguko unakaribia siku 16 kamili, kinarudi saa zilezile, na hapa Dar wakati huo jua limeshachomoza. Inauma.

Mwenye darubini ya milimita 150 aitafute Iapetus, mwezi mwingine wa Zohali. Acha darubini itulie: upande ambao sayari inatokea nje ya duara unaloliona ndani ya darubini ndio magharibi. Iapetus ikiwa huko inang'aa. Ikihamia mashariki inafifia karibu mara tano, kwa sababu uso wake mmoja ni mweusi na mwingine ni barafu. Mwanaastronomia Cassini aliigundua mwaka 1671 ikiwa magharibi. Kuiona mashariki alifanikiwa mwaka 1705, alipopata darubini bora zaidi, ingawa mzunguko wake ni siku 79 tu.