Mishono 82

Leo nimevitandaza vyote sakafuni: vipande 48 vya blanketi la kufuma, safu nane za vipande sita sita. Nimezunguka kwa kunyata nisije nikavivuruga. Vilipokuwa kikapuni nilidhani vinalingana. Kumbe wapi.

Tulikubaliana watu watatu: kila kipande sentimita 20 kwa 20, vitanzi 40 kwa upana, matuta 40 (ile mistari ya ufumaji iliyoinuka) kwa urefu. Hesabu vipande karibu vyote vimeitimiza, lakini mikono haifanani. Vya Shangazi vina sentimita 19, vimekaza kama mkeka mpya. Vya dada vinafika 21 na vinalegea pembeni. Vyangu viko katikati, ila vile nilivyofuma wakati namuuguza Mama navijua hata nikifumba macho. Vimebana, kila tuta limeng'ang'ania mwenzake.

Nilivilowesha, nikavikamua ndani ya taulo, nikavibana kwa pini kwa kipimo kimoja mpaka vikakauka. Sufu ni sikivu ikilowa. Vya dada vilikubali kurudi, vya Shangazi vikafunguka kidogo.

Kisha kushona. Nimepiga hesabu: mishono 82 ya sentimita 20, yaani zaidi ya mita 16. Na ncha za uzi 96 za kuficha! Nilikuwa nikisema blanketi "limebaki kuunganishwa tu". Silisemi tena neno hilo "tu".

Mshono wa kwanza niliufumua. Nilivuta uzi kwa bidii ili ushike, ukajikunja kama kovu. Nikampigia Shangazi simu.

"Unavuta, mwanangu?"

"Navuta, Shangazi."

"Usivute. Uache uzi ulale."

Nimeuacha ulale, na kweli, umetulia.

Kilichonisaidia zaidi ni kuvipanga kwa kupokezana, kimoja matuta yamesimama, kinachofuata yamelala. Kwa hiyo kila ukingo wa matuta unakutana na ukingo wa vitanzi, 40 kwa 40. Sindano butu inapita chini ya tuta, inachukua kitanzi cha upande wa pili, inarudi. Sipimi kwa rula, nahesabu. Kipande kimoja cha dada kilikuwa na matuta 42, nikachukua matuta mawili kwa pamoja mara mbili, mbali mbali, na sasa hata mimi nikipatafuta sipaoni.

Pembe zinataka subira. Vipande vinne vinapokutana, usipozinasa pembe zote nne panabaki tundu linalopitisha kidole, nalo huzidi kupanuka. Pale napita mara mbili, kwa msalaba.

Mpaka usiku huu nimemaliza safu tatu. Zimebaki tano, kisha nianze kuunganisha safu kwa safu.

Kipande cha mwisho alichofuma Shangazi kabla macho hayajamzuia kina kitanzi kilichoponyoka kwenye tuta la saba. Yeye hakukiona. Dada alisema tukifumue, tukifume upya. Mimi nimekataa. Nimekinasa kile kitanzi kwa uzi wa rangi ileile, nikaufunga kwa nyuma, kisiendelee kuporomoka. Blanketi hili ni la Shangazi. Kipande hicho nimekipanga safu ya juu, upande wa kulia, pale mkono wake utakaposhika akijifunika.