Siku Moja na Faili la Nyumba za Wafanyakazi wa Shamba

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Matatu za Umoja, mtaa ninaoishi hapa Nairobi, saa hizi hujaa kabla hujamaliza kuuliza nauli. Nimepata kiti cha dirishani, nimekumbatia mkoba wa ramani, na makanga ameshanionya kwamba mkoba huo ukichukua nafasi ya mtu nitaulipia.

Kazi yangu ni mipango ya ardhi. Mtu akitaka kujenga, kugawa shamba au kugeuza matumizi ya ardhi yake, sisi ndio tunaomwandalia maombi ya kibali yanayopelekwa kaunti. Kule saiti wanatuita maplana. Wiki hii nahangaika na faili moja tu: shamba la maua lililo katika kaunti inayopakana na Nairobi. Silitaji kwa sababu kibali hakijatoka. Mwenye shamba anataka kuwajengea wafanyakazi wake nyumba.

Foleni ya Jogoo Road inatupitisha polepole Makongeni, Kaloleni, halafu Muthurwa. Mitaa hii ilijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi, wengi wao wa reli. Aliyekupa kazi ndiye aliyekupa paa, na kibarua kikiota nyasi, paa nalo likaenda. Mashambani mtindo huo haujaisha.

Saa mbili na robo

Ofisi yetu iko Ngara, juu ya vibanda vya nguo. Chai, kisha faili.

Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inasema hakuna ujenzi unaoanza ndani ya kaunti bila kibali. Anayekaidi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili. Wenye mashamba wengi bado wanaamini hayo ni mambo ya mjini. Shamba ni langu, mabati ni yangu, kibali cha nini? Hilo nimelisikia hata kwa watu wenye mawakili.

Ugumu wenyewe ni huu: ardhi hii ni ya kilimo. Tukiomba kubadilisha matumizi iwe ya makazi, kaunti itatuona kama wauza ploti, na haitakuwa imekosea sana. Aliyepita Ruiru na Juja miaka ya karibuni ameona mibuni iking'olewa na maghorofa yakiota mahali pake. Kwa hiyo hatuombi kubadilisha matumizi. Tunaomba nyumba zinazotumikia shamba, na ni juu yetu kuthibitisha kwamba zinalitumikia kweli: wafanyakazi wangapi wako zamu ya usiku kwenye vyumba vya baridi, nani anaamka saa kumi kuangalia pampu, wanatoka wapi, usiku matatu zinafika au hazifiki.

Msanifu ameandika juu ya ramani, kwa herufi kubwa, "Makazi ya muda ya wafanyakazi". Nimelikata neno "muda". Bosi anadhani neno hilo lingelainisha mambo kaunti, na pengine lingelainisha kweli, ila nyumba za muda nazijua. Ni mabati yaliyopigiliwa kabla sijazaliwa, na watu wanalala humo hadi leo, bila dari, bila jiko, choo kimoja kwa safu nzima. Zikiitwa za muda hakuna anayeuliza kuhusu dari. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema, "Haya, lakini mteja akilalamika utamjibu wewe."

Saa nne

Ruaraka, ofisi za upimaji wa ardhi. Nimekuja kununua nakala safi ya ramani kwa sababu ile ya kwenye faili imetolewa kopi ya kopi mpaka mto ukafutika. Si utani: penye mto pamebaki weupe mtupu, na katika weupe huo msanifu amechora vyoo na bafu.

Kanuni za mazingira zinataka ukanda usiojengwa kando ya mto, kati ya mita 6 na 30 kutoka pale maji yanapofika yakijaa. Nimeiweka ramani mpya juu ya mchoro, kwenye boneti ya gari la mtu nisiyemjua, na vyoo vyote vimeangukia ndani ya ukanda. Nimempigia msanifu. Kimya kirefu, halafu: "Basi tuvipandishe juu." Juu ndiko kuliko na kisima. Tutazungumza jioni.

Saa sita na nusu

Chapati na madondo kibandani. Meneja wa shamba amenipitia kwa pikapu, na safari nzima ni malalamiko, ingawa ni mtu wa watu na ameninunulia maji.

"Madam, hebu nieleze. Kila mwezi tunakatwa ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara kwa mfanyakazi na 1.5 nyingine kwetu. Tena tujenge?"

Nikamwambia ushuru huo, uliowekwa na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, haukufuta kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu hicho kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba inayofaa, kazini au karibu na kazini, au amwongezee pesa za kutosha za kodi ya kupanga nyumba. Serikali ikijenga ghorofa Ngara haimsaidii mchuma waridi anayepaswa kuwa kwenye kivungulio, ile nyumba ya plastiki ya kukuzia maua, kabla jua halijapanda.

"Kwa hiyo ni lazima tujenge?"

"Si lazima. Mnaweza kulipa. Lakini mkijenga, jengeni nyumba."

Akacheka, akaongeza sauti ya redio.

Saa nane

Langoni kuna ubao wa ilani ya mradi, kwa Kiingereza, umeelekezwa barabara ya lami. Unasomwa na wenye magari. Wafanyakazi huingia kwa mlango wa nyuma upande wa mto, kwa miguu, na huko hakuna hata karatasi. Nimemwomba meneja aweke nyingine huko, kwa Kiswahili. Amekubali haraka mno, kwa hiyo nitapiga simu kuhakikisha.

Afisa wa kaunti amefika kwa wakati, mama wa makamo aliyevaa gambuti. Hakuketi. Ametembea mpaka mwisho wa kiwanja, akaokota kiganja cha mchanga, akakiachia. Upepo ukaupeleka moja kwa moja kwenye vigingi vya nyumba.

"Mnapopulizia dawa, upepo unatoka wapi?"

Meneja akanitazama, nami nikautazama mchanga. Vivungulio viko upande unakotoka upepo. Kwenye fomu nzima hakuna mahali panapouliza swali hilo, na kwangu mimi ndilo swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa leo. Tumekubaliana nyumba zisogee upande wa pili wa barabara ya ndani, nyuma ya miti. Hapo pia tutakuwa mbali na mto, na vyoo vitakuwa kwenye mteremko ulio chini ya kisima, si juu yake. Tunapoteza eneo dogo la maua, na meneja ameguna kidogo.

Halafu mama akauliza la pili: "Hizi ni 28. Mwakani?"

Hapo ananipima mimi. Kwa orodha ya mwaka 2019 ya miradi inayohitaji tathmini ya mazingira, mtaa mpya usiozidi nyumba 30 uko kwenye kundi la hatari ndogo, na karatasi zake ni nyepesi. Wapo wanaojenga 28, wanapumzika, kisha wanaleta 28 nyingine kana kwamba ni mradi wa mtu mwingine. Nikamjibu kwamba awamu ya pili ikija, tutaiandika kwenye barua hii hii ili tathmini ifanywe kwa jumla. Meneja hakufurahi. Mama aliandika jambo kwenye daftari lake na hakunionyesha.

Wakati wanakagua kisima nilikaa kwenye ukuta wa banda la kufungia maua na wanawake watatu waliokuwa wakipumzika. Nikamuuliza mmoja wao, "Mama, nyumba zikiisha utahamia?"

"Mimi? La, dada yangu. Nyumba ya kampuni ni kama sare, siku ya kufukuzwa unaivua. Nitabaki na chumba changu senta, karibu na shule ya watoto. Wanipe tu pesa ya kodi." Mdogo wao, aliye zamu ya usiku, akadakia kwamba yeye atahamia hata kesho, kwa sababu akitoka kazini saa nane usiku hulala sakafuni bandani akisubiri kupambazuke.

Saa kumi na moja jioni

Foleni ya kurudi mjini. Sina la kusema juu yake.

Saa mbili usiku

Umoja. Stima zipo, ugali umeliwa, naandika barua ya maelezo. Kiwanja kimehama. Vyoo vimehama. Neno "muda" halimo popote. Nimeongeza aya kwamba atakayependa pesa ya kodi badala ya nyumba ataendelea kulipwa. Bosi atasema hilo si jambo la mipango ya ardhi na afisa hatalisoma. Huenda. Lakini bila aya hiyo, hesabu yetu ya wanaohitaji nyumba inamhesabu na yule mama wa senta, na si kweli kwamba anaihitaji.

Meneja ameniandikia ujumbe. Kuna mtu amemwambia kwamba kaunti isipojibu maombi kwa maandishi ndani ya siku 60, sheria inachukulia kibali kimetolewa. Je, siku ya 61 anaweza kumwaga zege?

Sheria inasema hivyo kweli. Nimemjibu asubiri karatasi hata hivyo, kwa sababu nijuavyo mimi hakuna benki wala mkandarasi makini atakayekubali kuonyeshwa kimya kama kibali. Amejibu kwa kidole gumba. Kesho nampelekea bosi barua, na huyo ndiye atakayenisumbua kuliko kaunti.