Alama za vidole sikuzifuta: nilivyotengeneza katuni ya udongo

Walioniambia nilainishe uso wa kikaragosi changu, bibi wa udongo, mpaka alama za vidole zipotee walinishauri vibaya, na sasa nina filamu ya dakika moja na ushei ya kuwaonyesha. Katuni hii ni picha nyingi zinazofuatana: namsogeza kidogo, napiga picha, namsogeza tena. Kwa kuwa namshika kila mara kabla ya kupiga picha, udongo wa mashavu yake hubadilika kidogo kidogo, na bibi yule huonekana anapumua hata akiwa ametulia. Uhai huo ndio niliokuwa nautafuta.

Mifupa yake ni waya wa alumini uliosokotwa mara mbili, maana alumini hubaki pale ulipoikunja. Juu yake ni plastisini, ile yenye mafuta isiyokauka. Waya hukatika vifundoni ukikunjwa sana, kwa hiyo tengeneza miguu ya akiba mapema.

Nilisisitiziwa pia kwamba lazima nipige picha 24 kwa kila sekunde, kama sinema. Si lazima. Nilipiga 12, kila moja ikaonyeshwa mara mbili, na mwendo ukakubali. Hata hivyo dakika moja tu inakula picha 720, kwa hiyo hadithi yako iwe fupi.

Mwanga ndio ulionitesa. Nilikuwa nimeambiwa kwamba hakuna taa inayoshinda mwanga wa dirishani. Nikapiga asubuhi nzima, bibi akitunga uzi kwenye sindano. Nilipoziendesha picha, mikono ilikwenda vizuri ajabu, lakini chumba kilikuwa kikiwaka na kufifia, kikiwaka na kufifia! Kila wingu lililopita lilikuwa limeacha alama yake, na vivuli vilitambaa ukutani kama vina safari yao. Juu ya hayo, simu, ambayo ndiyo kamera yangu, ikiachwa ijipangie yenyewe hupima mwanga na rangi upya kila picha.

Nikaziba dirisha kwa blanketi, nikaweka taa mbili, nikafunga mwanga, rangi na fokasi (ukali wa picha) kwenye programu ya kamera ili visibadilike. Kufifia kukapungua, hakukuisha. Niliwasha na kuzima taa, nikabadili balbu, nikakagua waya, wapi! Mwishowe nikaziangalia picha moja moja nikikumbuka nilikuwa nimesimama wapi. Lilikuwa shati langu jeupe. Nikiwa karibu na meza lilirudisha mwanga kwenye shavu la bibi. Nikirudi nyuma, shavu linaingia giza. Tangu hapo navaa nguo nyeusi na kusimama kwenye alama niliyobandika sakafuni kabla ya kila picha. Ushauri huu sikupewa na mtu yeyote, na ndio wenye thamani kuliko yote niliyosikia.

Simu yenyewe usiiguse baada ya kuifunga kwenye stendi. Mimi napiga kwa kitufe cha sauti cha spika za masikioni. Simu nyingi hukubali.

Macho nayapenda kuliko kitu kingine. Ni shanga nyeupe, na tundu la ushanga ndiyo mboni. Ingiza ncha ya pini tunduni, geuza, na jicho linatazama kwingine bila uso kuguswa. Kupepesa kunataka kope ndogo za udongo kwa picha mbili au tatu tu. Zikizidi, anaonekana anasinzia.

Na ukianza shoti, yaani kipande kimoja cha filamu, imalize siku hiyohiyo. Udongo hulegea usiku, na asubuhi mkono ulioinuliwa utaukuta umeshuka.