Mbona Hutazami Nje?

Tangu Shemeji aniulize swali lile usiku wa Ijumaa, limekuwa likinirudia kila ninapobaki peke yangu, na nimeona bora niliandike hapa huenda likatulia. Harusi ya binti wa ami ilipita salama, vijana wangu wa kidato cha nne wamemaliza mtihani wao wa taifa, na dada mkubwa amekubaliwa uhamisho wa kurudi Wete; yote hayo ni ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, lakini siyo yanayonikosesha usingizi.

Wageni walipokwisha kulala, nilikaa kwenye simuleta, yaani programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji wa ndege. Shemeji, ambaye mnaonisoma siku zote mnamjua kuwa ndiye anayerusha zile ndege ndogo za Caravan baina ya Chake Chake, Unguja na Dar es Salaam, alitoka ukumbini na kikombe chake cha kahawa, akaja akaegemea kabati lililo ubavuni mwa kiti changu, asiseme neno. Mimi nilikuwa ndani ya Hornet, ndege ya kivita ya Marekani, nje kidogo ya pwani ya Georgia, ile ya Bahari Nyeusi, nikiimalizia njia ya kutua juu ya Stennis, manowari ya kubebea ndege yenye urefu wa zaidi ya mita 300, ambayo kwa anayeikabili kutoka angani huonekana ndogo kuliko jamvi. Magurudumu yakagusa sitaha, nikasukuma wenzo wa injini hadi mwisho kama inavyotakiwa, kwa sababu kulabu ya mkiani ikikosa waya zilizotandwa sitahani ni lazima uwe na nguvu ya kuondoka tena, na kulabu ikanasa waya wa tatu, ndio unaotakiwa. Ndege ikasimama.

Akasema, "Shemeji, mbona hutazami nje?"

Nikamjibu, "Natazama, Shemeji."

Akanywa funda la mwisho, akasema, "Haya," akaenda kulala.

Hayo ndiyo yote. Sauti yake haikuwa na dharau, na wala si mtu wa dharau. Lakini nimeirudia sauti hiyo nikiwa darasani, nikiwa kwenye daladala, hata nikiwa katikati ya kumsikiliza Mama, nikijaribu kujua kama lilikuwa swali la rubani kwa rubani, au la mtu mzima anayemwonea huruma mtu mzima mwenzake aliyekaa mbele ya kompyuta usiku wa manane. Angeuliza mtu mwingine nisingejali. Tangu nianze kujifunza DCS World, ndiyo simuleta yenyewe, na kuusoma mwongozo wa Hornet kurasa kwa kurasa kama ninavyoandaa masomo yangu ya fizikia, yeye ndiye mtu pekee katika ukoo wetu ambaye neno lake katika jambo hili lina uzito kwangu.

Na haki ya kuuliza anayo. Caravan ina injini moja tu, puani, na abiria wake wamekaa nyuma wakiyatazama mabega yake. Kazi yake ya kutua iko nje ya kioo: mawingu yaliyojikusanya upande wa Misali, jinsi upepo wa kusi unavyoisukuma minazi ya pembeni mwa uwanja, weusi wa lami baada ya mvua. Mwili wake nao humpa habari, kwani ndege ikianza kuzama, kiti humwambia mgongoni kabla geji haijasema. Kiti changu mimi ni cha mbao na hakina habari yoyote ya kunipa. Macho mawili ya binadamu hukusanya upana wa takriban digrii 200, wakati kioo cha kompyuta hunipa kipande cha mbele tu, kwa hiyo ile kasi ya ardhi inayopita ubavuni, ambayo yeye huijua bila hata kugeuza shingo, kwangu haipo. Nilichonyimwa na kiti sina budi kukitafuta kwenye geji.

Jibu nililotamani kumpa, na ambalo lilinijia mlango wa chumba cha wageni ulipokwisha kufungwa, ni kwamba asili ya mashine hizi ni kufundisha kuruka bila ya kuona nje. Edwin Link wa Binghamton, New York, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alikamilisha mwaka 1929 kichumba cha rubani kilichoinamishwa na kuyumbishwa kwa mivukuto kama ile ya vinanda. Mwanzoni mashine yake ilinunuliwa zaidi na viwanja vya burudani. Mwaka 1934 jeshi la anga la Marekani likapewa kazi ya kubeba barua, marubani wakafa katika dhoruba na mawingu, na ndipo jeshi likamwendea Link kununua mashine za kuwafundisha waliobaki kuamini geji, huku wamefunikwa wasione kitu. Ndani ya wingu sikio, ambalo ndilo hutupa mizani ya mwili, hudanganya. Ndege imelala upande, nalo linashikilia kwamba imenyooka. Nimemweleza Shemeji yote haya kichwani mwangu, kwa mpangilio mzuri, na kila nikimaliza ananijibu "Haya" ile ile.

Jumapili baada ya alasiri, nyumba ikiwa imepoa, niliamua kulichukua swali kama somo. Nikapaa tena na Hornet, nikazungusha kitufe cha mwangaza hadi yale maandishi ya kijani yanayoelea kwenye kioo mbele ya rubani, yenye mwendo na kimo, yakapotea yote, nikaelekea Batumi, ambako njia ya kurukia unaiingia kutoka baharini na milima imesimama nyuma yake. Bila ya maandishi, njia yenyewe ilianza kunisemesha. Ukiwa juu mno hurefuka na kuwa nyembamba, ukiwa chini mno hulala bapa. Na pale mahali pamoja ambapo hapapandi wala hapashuki kwenye kioo, huku vyote vinavyopazunguka vikitanuka, ndipo utakapogusa. Nilitua vizuri, nikabaki nimekaa injini zikiunguruma, nimefurahi kwa namna ambayo siku nyingi sikuwa nimeipata.

Kisha likanijia jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Katika zile sekunde 15 hadi 18 za mwisho kabla ya kugusa sitaha, rubani wa Hornet hana cha kufanya ila kuzungusha macho katika vitu vitatu: mstari wa kati wa sitaha, taa ndogo ya duara ya rangi ya kaharabu inayomwambia kwamba pembe ya mabawa kwa upepo ni ile ya digrii 8.1, na taa kubwa iliyo ukingo wa kushoto wa manowari, ambayo mwanga wake hupanda juu ya mstari wa taa za kijani ukiwa juu, na kushuka chini yake ukiwa chini. Taa hiyo chanzo chake ni kioo cha kuakisi mwanga alichobuni Nicholas Goodhart wa jeshi la majini la Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950, na iko nje, baharini, kwa sababu kwenye bahari tupu hakuna minazi ya kumwongoza mtu. Usiku ule macho yangu yalikuwa hapo. Kwa aliyekuwa ubavuni mwangu, lazima yalionekana yameganda kwenye nukta moja upande wa kushoto wa kompyuta, kama mtu aliyezama kwenye geji.

Kwa hiyo Shemeji hakuwa akiitazama kompyuta. Alikuwa akiyatazama macho yangu, kama mkufunzi anavyoyatazama macho ya mwanafunzi aliyempa ndege. Nimeipima fikra hii kila upande na sioni maelezo mengine, na tangu hapo swali lake limegeuka heshima ambayo sikuitegemea. Nimemwandikia ujumbe nikimwomba akija tena akae yeye kitini, aishushe Hornet sitahani kwa taa ile, nami nisimame pale kabatini. Hajajibu bado, wiki hii ana safari za Tanga.

Mama naye amepiga simu kutoka Mtambwe. Karafuu zimetandazwa majamvini tangu jana na hazijakauka, mvua za vuli zimeanza kushuka bila ya taarifa, na turubai kubwa aliloazima jirani kwa ajili ya msiba bado halijarudishwa. Nimemwambia nitakuja kesho baada ya skuli na turubai jengine, lakini sijui kama mvua itanisubiri mpaka saa hizo.